Klara, Usije Tena Kamalondo

Klara,

Barua zako zote huanza na "mpendwa dada Zaina". Nimejaribu kukujibu hivyo hivyo, mkono umekataa. Wala sikuandikii kwa Kifaransa. Miezi miwili uliyokaa kwetu ulijifunza kusema jambo, aksanti na bukari, ugali wetu. Mengine yote nilikutafsiria mimi. Safari hii tafuta mtu mwingine.

Unasema mwezi wa saba utakuja na mume wako, umwonyeshe "familia yangu ya Lubumbashi". Unauliza kama chumba chako bado kipo. Chumba chako! Kilikuwa changu. Kiangazi kile chote nililala na mama chini, katika baridi ya mwezi wa saba, na blanketi zito ulikuwa nalo wewe.

Mlikuja kundi la wanafunzi wa kujitolea kutoka Ulaya, kupaka rangi madarasa ya shule ya misheni. Sisi ni Waislamu, wazee wetu walitoka Maniema, lakini baba aliposikia kuna binti amekosa mahali pa kulala alisema, "Akuye hapa. Mugeni hana dini."

Sitadanganya, nilikupenda. Rangi ilikudondokea kichwani, nikakusugua nywele kwa mafuta ya taa mpaka ukalia. Ulikula samaki mkavu wa Pweto kwa mkono, mwiba ukakukwama, baba akakupiga mgongoni akicheka: "Pole, mutoto yangu ya mbali." Siku zile hakuna aliyekufurahia kuliko yeye. Jioni aliacha cherehani yake mapema ili mzungumze.

Ndipo ukamuuliza kwa nini wanaume wote huku wanavaa koti moja, bila tai. Baba alikuwa anashona koti hilohilo, abakosti ya mteja, imelala magotini mwake. Akatazama mlangoni kwanza. Kisha akasema polepole, "Bakubwa balitukataza tai juu koo ibakie wazi, tumeze yote yenye banasema."

Mama alimkemea. Mimi nilicheka, nikakutafsiria. Halafu nikakwambia neno hilo ni la ndani ya nyumba, lisitoke. Ukaweka kidole mdomoni, ukaitika. Nilikuona, Klara. Usiniambie hukuelewa.

Siku ya kufungua madarasa alikuja komisere, mkubwa wa serikali, na watu wa chama. Tulicheza ngoma, tukaimba kumsifu rais, Mwongozi wetu. Wakakupa nafasi ya kuaga kwa niaba ya wenzako. Ukashukuru, ukasifu anga letu, ukasifu watoto. Kisha ukasema umejifunza jinsi watu wa hapa wanavyojua kucheka katika shida zao, na ukalitoa lile neno la baba, lote, kwa Kifaransa kizuri, ukinyoosha mkono kwenye koti la komisere.

Komisere ndiye aliyecheka, peke yake.

"Na huyo fundi mwenye hekima anaitwa nani?" akauliza.

Ukamtajia jina. Ukamtajia na mtaa wetu, Kamalondo. Ukanitafuta kwa macho katikati ya watu, ukinitabasamia.

Asubuhi walikuja wanaume wawili, wapole kabisa, kama watu waliokuja kushonesha nguo. "Fundi, kuya na sentimeta yako. Bakubwa banataka kupimisha bilamba." Mama alianza kulia. Baba alimwambia anyamaze, akavaa viatu, akaweka sentimeta, utepe wake wa kupimia, shingoni, akawafuata.

Nilikimbia mpaka misheni, maana mlikuwa mmehamia huko kufunga mizigo. Nilikuomba kitu kimoja tu: twende wote kwa komisere, useme neno lile ulilisikia kwingine, au ulilitunga mwenyewe. Wewe mzungu, wangekufanya nini? Wangekupandisha ndege, na ndege ulikuwa nayo tayari, ya siku ya tatu.

"Lakini ulikuwa mzaha, Zaina!" ulisema. Ukalia. Ukasema kiongozi wenu amewakataza kuingia mambo ya siasa. Ukavua saa yako, ukanitia mkononi. Niliiacha juu ya kitanda chako.

Baba alikaa ndani miezi minne. Aliporudi, vidole vya mkono wa kuume havikukunjika tena. Sindano ilimponyoka, akaiokota, ikamponyoka. Siku ya pili alinisogezea kiti chake cha cherehani, na mimi niliyekuwa nimefaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu nikaketi. Bado nimeketi hapo. Nashona makoti yale yale.

Na wewe ukaandika. Kila mwaka kadi, na picha zako ukiwa na brashi ya rangi. Mwaka jana ulisema kiangazi kile kilikubadilishia maisha. Yetu pia, Klara.

Siku nyingi nilikuchukia ili nisijichukie mwenyewe, kwa sababu bila ulimi wangu usingelijua lile neno. Nimelifikiri sana hilo. Mimi nilikuamini, hilo ndilo kosa langu, nami nalibeba kila siku mbele ya macho ya baba. La kwako uliliacha hapa, ukapanda ndege.

Usije. Ukija utapata mlango, utapata na mimi nimesimama mlangoni.

Barua hii nampa mtu anayevuka mpaka wa Mokambo, aitie posta upande wa Zambia, maana huku barua hufunguliwa. Baba ndiye aliyenituma nikuandikie. Macho yake hayasomi tena, hivyo ameniomba nimsomee. Nimemsomea nyingine, niliyoitunga papo hapo: kwamba tumefurahi, kwamba chumba kipo, kwamba mume wako ni mkwe wetu. Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ongeza salamu yangu. Umwambie mutoto asiogope, sina kitu naye moyoni."

Nimeongeza. Salamu hizo ni zake peke yake.

Mimi, binti wa fundi,
Zaina