Mikaratusi ya Juu ya Chemchemi

Kanazi,
Bukoba Vijijini.
14 Agosti 2024

Mpendwa mwanangu Privatus,

Hujambo, tata, baba yangu? Mkeo Judica hajambo, na watoto wameshazoea joto la Mtwara? Mimi shangazi yako mzima, ila goti linanisumbua kila nikipanda mlima, na siku hizi naupanda sana. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu hukawii kusema, "Nitaangalia, shangazi," kisha kimya.

Nimechukizwa, Privatus. Nakuandikia kabla sijapoa.

Unakumbuka baba yako mdogo Rutaihwa alipokuomba ruhusa ya kupanda mikaratusi juu ya chemchemi yetu? Ukamjibu ukiwa huko huko kwamba apande, ni akiba ya vizazi vijavyo. Watu wa mradi wa miti wakayachapa maneno yako hadi kwenye fulana. Siku ya kupanda walikuja wageni, wakahutubia kuhusu maendeleo endelevu, wakanywa maji ya chupa, wakaondoka. Chupa zao nilizitoa kwenye chemchemi kwa mikono yangu.

Sasa miti imerefuka na chemchemi imebaki tope. Tunakinga maji kwa kikombe, au tunapanda mlima kuyafuata kwa watu. Rutaihwa hakuishia hapo. Kule rweya, kwenye uwanda wa nyasi tulikokuwa tukikata nyasi za kutandaza kwenye kibanja, kapanda mikaratusi mingine. Kibanja bila nyasi kinakauka, na migomba inazaa vimikungu ambavyo naona haya kumpikia mgeni. Rutaihwa anapita hapo akipiga mluzi. Nikimwona, chakula hakipiti.

Juni nilikuwa Muleba kwa binti yangu Alistidia. Watu wa huko nao walifanya ujinga huo huo, lakini wakajirudi. Waliing'oa mikaratusi pamoja na visiki, wakapanda mihumula na mitoma, miti yetu ya asili, na sasa maji yameanza kutoka tena, kidogo kidogo. Kwa hiyo usiniambie kwamba maji yakishamwagika hayazoleki.

Nilirudi nikamwambia Rutaihwa tufanye hivyo. Akacheka. "Dada, aliyekalishwa kwenye kiti cha kaka ni Privatus. Wewe umeolewa kwa watu, hapa una mti gani?"

Kwa mila zetu hakusema uongo. Mrithi ni wewe, omusika wa kibanja hiki, na hakuna atakayeinua shoka bila neno lako. Mimi niliyechota maji pale tangu sijaota meno ya ukubwani sina sauti. Wewe usiyejua hata njia ya kwenda bondeni imehamia wapi, ndiye unayeamua watu wanywe nini. Hilo nalo linanichukiza, sikufichi.

Neno lako ndilo lililopanda. Andika lingine, miti ing'olewe.

Wasalimie Judica na watoto. Binamu zako Joviana na Kamala wanakusalimu. Rutaihwa hajatuma salamu, wala sikumwomba. Mungu awalinde, na akupe masikio.

Barua hii anakuletea jirani yetu Lukmani, anayekuja huko kikazi. Nimempa na chupa. Ni moja ya zile za wageni, nimeijaza maji ya chemchemi asubuhi ya leo. Usiyamwage ukiona rangi yake. Waite watoto wako, uwaonyeshe akiba uliyowawekea.

Wako akupendaye, japo amenuna,
Shangazi Restituta