Taa ya Kaburi la Baba

Savaii, Jumatatu asubuhi

Kaka yangu Etuale,

Pokea salamu zetu, wewe, wifi yangu na watoto, huko kwenye baridi ya Auckland. Natumaini mgongo wako umepata nafuu tangu wakuhamishe kutoka kwenye kubeba makreti, na kwamba mtoto wako wa mwisho ameacha kukohoa. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Taro zimekubali mwaka huu. Shangazi Malaea anakusalimu na anauliza kama bado unakoroma kama nguruwe wa sherehe. Macho yake ni yale yale, mwaka wa tisa sasa haoni hata kivuli.

Uliniuliza kwenye simu habari za umeme, nikakujibu kwa mkato nikakata. Nisamehe. Leo nakueleza kwa kalamu, maana kwa mdomo nimejaribu nikashindwa.

Paneli za jua tuzisahau, kama ulivyosema mwenyewe. Tangu kimbunga, paa letu linashikiliwa na misumari michache na maombi. Kwa hiyo nilimwendea Ainiu wa kamati ya wanawake, yule aliyepelekwa mjini kufundishwa kubana matumizi. Akaja, akapita chumba kwa chumba kama daktari wodini. Alibana karatasi kwenye mlango wa friza, akaivuta, ikatoka yenyewe. Akacheka, akasema, "Fuatino, dada yangu, wewe unapoza kijiji kizima!" Nikabadilisha raba ya mlango, nikaisogeza friza mbali na jiko, nikajaza chupa za maji mle ndani pasipo na kitu. Maji ya kakao tunachemsha mara moja alfajiri, tunayatia kwenye chupa ya chai mpaka jioni. Pasi ni Jumamosi tu, nguo zote kwa mkupuo mmoja. Mwisho Ainiu akanishauri ninunue balbu mpya, zile zinazokula umeme kidogo, nikabadilisha nyumba nzima. Yuniti zilizokuwa zinaisha kwa wiki moja sasa zinatupeleka karibu wiki mbili. Nilifurahi, kaka, hata nikawa naimba nikifagia.

Balbu ya mwisho kubadilishwa ilikuwa ya kaburi la baba, ile uliyoagiza iwake mbele ya nyumba kila jioni hadi kuche. Ile ya zamani ilikuwa kubwa na ndiyo iliyotula kuliko zote. Nielewe vizuri: sikuizima. Niliweka mpya, na mpya inaangaza kuliko ile. Watu waliokuwa wanatoka kanisani waliisifu.

Jioni ile ile, tulipomaliza sala, shangazi aliinua uso akaniuliza kwa nini nimemzimia baba taa.

Nikamwambia inawaka. Akatikisa kichwa. "Usinifanye mjinga, mtoto wewe. Kaka yangu yuko gizani."

Nilichungulia nje. Mwanga ulikuwa umetanda juu ya kaburi, mweupe, nikahesabu hata mawe. Nikajiuliza kipofu amejuaje jambo hili, tena jambo lisilo la kweli. Siku ya pili akasema vile vile. Siku ya tatu alikataa kula, akasema baba anamwita, anamlalamikia kwamba haoni. Ikawa kila jua likizama anageukia upande wa kaburi na kujibu kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto: "Inawaka, kaka. Inawaka. Nakwambia inawaka." Kisha analia.

Niliposikia maneno hayo mara ya kwanza, sahani ilinitoka mkononi. Sababu utaiona hapa chini.

Watoto wa jirani waliacha kukatiza uani kwetu. Ainiu alikuja kuangalia mita, akamkuta shangazi katikati ya mazungumzo yake, akaondoka bila kumaliza kakao. Mchungaji naye alikuja. Aliitazama taa kwa macho yake, akamhakikishia shangazi kwa upole kwamba inawaka vizuri. Shangazi akamjibu, "Hata mimi niliwahi kusema hivyo, mchungaji." Na kuna jambo moja ambalo sijalipatia maelezo hadi leo: mkeka wa baba niliukunja mwenyewe Ijumaa na kuusimamisha kwenye kona ya chumba chake; Jumamosi asubuhi niliukuta umetandikwa. Shangazi ameapa si yeye. Hakuna mwingine humu ndani.

Jumamosi hiyo hiyo, jua lilipoanza kuzama, niliwasha taa ya kaburi kisha nikasimama kimya mlangoni. Nilimwona shangazi anatoka kwa kupapasa ukuta, anahesabu hatua mdomoni, moja kwa moja mpaka kwenye ile nguzo fupi ya chuma yenye taa. Akanyoosha mkono, akaifumbata balbu kiganjani kama mtu anayeshika yai la kuku. Mwanga ulikuwa unamtoka katikati ya vidole. Akasema, "Baridi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Balbu ya zamani ilikuwa inaunguza. Hizi mpya hazina joto la kumfikia mtu mkononi. Karibu mwaka mzima, tangu msiba, shangazi amekuwa akienda kuipapasa taa ya ndugu yake, nami sikujua.

Nilimkumbatia, nikamweleza habari za balbu. Nikamuuliza kwa nini haniamini mpaka aguse. Akaniambia kwamba jioni baba alipokufa, alikuwa ameketi naye chumbani. Baba alizinduka akasema haoni, awashiwe taa. Shangazi akapapasa swichi ya ukutani, akaikuta imewashwa, akamwambia inawaka. Baba akasema ni giza. Akamwambia inawaka, kaka, inawaka. Walibishana hivyo mpaka baba akaanza kulia, akiamini macho yake yamekufa kama ya dada yake, na kwa kilio hicho akakata roho. Baada ya hapo, kabla mimi sijarudi, shangazi alipanda juu ya kiti akaigusa balbu. Ilikuwa baridi. Tangu siku hiyo amejihesabu kuwa alimdanganya mtu anayekufa.

Etuale, nilikwambia baba alifariki usingizini, taa inawaka, nikiwa pembeni yake nikimwimbia. Nilikudanganya. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Yuniti zilikuwa tatu tu na duka lingefunguliwa Jumatatu. Kabla ya kutoka nilimwona baba amelala, madirisha yamefungwa kwa ajili ya upepo, shangazi mwenyewe hahitaji taa, nikasema moyoni kwa nini umeme upotee bure. Nikashusha swichi kuu barazani, nikaenda kuimba. Niliporudi niliipandisha kabla sijaingia chumbani. Kwa hiyo waliokuja mbio walimkuta baba kwenye mwanga, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Haya yote nilimwambia shangazi palepale kaburini. Hakunipiga, hakunilaani. Aliniomba nimpeleke kwenye swichi kuu. Nikauweka mkono wake juu ya swichi. Akaishusha, ikalia tak. Akaipandisha. Akaishusha tena, ametega sikio.

"Huu mlio niliusikia siku ile," akasema. "Nikadhani ni mjusi kafiri."

Imepita zaidi ya wiki sasa, na hajalizungumzia tena. Anakula, analala, na hageukii tena kaburi. Sijui wewe utaniambia nini, na sitakuomba uniambie lolote kabla hujawa tayari. Ukija kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka, nitakupokea bandarini. Usipokuja, nitaelewa pia.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Wafundishe wasicheze na swichi. Shangazi anasema ulete blanketi jepesi. Ameketi hapa pembeni yangu ninapoandika. Mjusi amelia darini sasa hivi, naye ameinua kichwa na kuniuliza, kama anavyoniuliza kila mara siku hizi, kama taa inawaka. Ni asubuhi, jua limejaa chumba kizima. Nimeinuka, nimekwenda kuangalia, kisha nimemjibu.

Ni mimi dada yako,
Fuatino