Mashine Zangu na za Ragnvald

Norrköping, Jumapili

Mdogo wangu mpendwa Solveig,

Mimi sijambo. Jana Ragnvald, yule mgane anayekusanya mashine kuukuu za kufyonza vumbi kama mimi, alileta yake ya kijani tuzishindanishe. Tulimwaga unga kwenye zulia. Yake ilifyonza wote. Yangu ilikohoa tu.

"Bibie, hiyo imezeeka kuliko wewe!"

Nikamnyang'anya brashi yake, nikaichomeka kwenye bomba langu. Zulia likang'aa, naye akanywea.

Ndipo nikamwambia kuwa daktari amenikataza ngazi, nami naishi ghorofa ya nne, kwa hiyo labda nitauza mashine zangu.

"Kwangu ni chini," akasema. "Hamia."

"Na mashine zote hizi?"

"Wewe kwanza. Hizo nitazibeba mwenyewe."

Usinicheke, Solveig. Nimekubali.

Dada yako,
Gunvor