Vichupa Sita vya Mama

Mbulu Mjini
Alhamisi, 12 Agosti 2021

Kaka yangu Onesphory,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Benedikta na watoto, na ng'ombe wako wawe wamepata majani hata kama kiangazi cha huko Katesh kimeanza kuuma. Huku kwetu ni baridi ya mwezi wa nane unayoijua, upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai. Mahindi tumeshavuna. Shamba la mama lilivunwa na Theodory peke yake, nitakueleza habari zake sasa hivi.

Mimi mwili ni mzima. Moyo sisemi, maana wewe na mimi hatujaulizana habari tangu siku ya tatu ya msiba. Nimekupa shikamoo kwa sababu mama alitufundisha kwamba mkubwa hubaki mkubwa hata akikosea. Ipokee, ni ya kweli. Lakini baada ya hapo nina hasira, kaka, na sitaificha kwenye bahasha.

Unajiuliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani. Ni kwa sababu umeifunga namba yangu. Nimepiga mara kumi na moja tangu jana. Nilimwomba jirani yako wa dukani akupe simu yake, akaniambia umesema kama ni Letisia basi wewe hupo, na huku nyuma nakusikia ukikohoa kicheko chako kile. Kwa hiyo nampa barua hii Clement, yule dereva wa lori la vitunguu saumu, anayeondoka kesho asubuhi. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, na asiondoke dukani kwako mpaka aone umeifungua. Pamoja nayo kuna kifurushi kidogo nilichokizungushia pamba. Usikifungue kabla ya kumaliza kusoma.

Sasa habari yenyewe. Theodory amelazwa. Ndiyo, mdogo wetu. Alianza kukohoa Alhamisi iliyopita, akawa anakwenda kufundisha hivyo hivyo pale Endagikot, akiwaambia walimu wenzake ni vumbi la chaki. Mary mke wake alimchemshia majani ajifukize, akajifukiza mpaka akaungua shingo. Jana alishindwa kumaliza sentensi moja bila kupumzika, ndipo Mary akamleta hapa hospitalini kwetu ninakouguza. Kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kilisoma themanini na mbili, na mtu mzima mwenye afya husoma tisini na tano na zaidi. Wamemwekea oksijeni, kimepanda hadi tisini, na hapo ndipo kilipogoma.

Daktari Severine ameandika dawa. Ile ile aliyomwandikia mama, deksamethasoni. Muuguzi alipokwenda na sindano, Theodory aliufunika mkono wake kwa kiganja, akaninong'oneza, maana sauti hana: "Dada, hiyo ndiyo iliyomuua mama. Kaka alisema." Akageukia ukutani. Daktari alimwendea mwenyewe mchana, akamweleza taratibu, akakataa tena. Ana akili zake timamu, na mtu mwenye akili timamu huwezi kumshika kwa nguvu ukamchoma.

Kuna msemo wa sikio la kufa na dawa. Siwezi kuutumia leo, kwa sababu sikio hilo ni la Theodory, na aliyelijaza maneno ni wewe.

Tukumbushane Februari, kaka, maana wewe umeisimulia kila mahali na mimi nimenyamaza. Mama alilazwa Ijumaa tarehe kumi na tisa, wakati ugonjwa huu wa korona watu walikuwa hawautaji, wanasema tu changamoto ya upumuaji. Oksijeni tulikuwa nayo, mitungi ya kugombania lakini ilikuwepo. Daktari akaandika deksamethasoni mara moja kwa siku. Wewe ulifika kutoka Katesh adhuhuri na viatu vya vumbi, ukachukua kile kichupa mezani, cha dozi ya kwanza ambayo ilikuwa bado haijatolewa, ukasoma jina, na uso ukakubadilika. Ulikijua. Unakiuza kwenye duka lako la dawa za mifugo, pamoja na dawa za kupe.

Nami najua kwa nini uliogopa, sikucheki kwa hilo. Nakumbuka mwaka ule ulipomchoma dawa hiyo hiyo ng'ombe wa mzee mmoja wa Basotu, ukidhani unamtibu uvimbe, kumbe ana mimba ya miezi saba. Akatupa ndama siku tatu baadaye, nawe ukalipa mitamba miwili na heshima yako sokoni. Tangu hapo kwako dawa hiyo ina kazi moja tu. Ukanivuta nje ya wodi ukaniambia kwamba dawa inayomtoa ndama tumboni haiwezi kuingia kwenye mwili wa mama yetu, na kwamba baba hayupo, wewe ndiye mkubwa, na neno juu ya kitanda cha mama ni lako.

Mama alikuwa na miaka sabini na moja, kaka. Alikuwa na ndama gani?

Halafu ukatoa mfukoni chupa yako mwenyewe. Ile ya minyoo. Ina picha ya ng'ombe, kaka! Ukasema jamaa mmoja kwenye simu ameeleza kwamba Wazungu wanainywa na wanapona, tumpe mama vijiko viwili. Dawa ya hospitali ukaikataa kwa kuwa ni ya ng'ombe, kisha ukaleta ya ng'ombe kweli kweli. Bahati nzuri mama mwenyewe aliitazama ile picha, akasukuma mkono wako. Ndiyo mara ya mwisho kumwona akikasirika.

Nilijaribu kukueleza siku ile ukanikatiza. Leo utanisoma mpaka mwisho kwa sababu karatasi haikatizwi. Hiyo dawa haikutoka kwenye kichwa cha Daktari Severine. Wagonjwa wa ugonjwa huu huu, maelfu, waliolazwa hospitalini huko Uingereza, waligawanywa kwa kura. Wengine wakatibiwa kwa kawaida, wengine wakatibiwa kwa kawaida pamoja na dawa hii, kisha wakahesabu nani yuko hai baada ya siku ishirini na nane. Walio kwenye mashine ya kupumulia na walio kwenye oksijeni, waliopewa walikufa wachache kuliko wasiopewa. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia kitu, na pengine iliwadhuru. Ndiyo maana daktari hampi kila anayekohoa, na ndiyo maana anasubiri kipimo cha kidoleni kwanza. Mapafu ya mgonjwa wa namna hii yanawaka kwa sababu mwili wenyewe unapigana kupita kiasi, na dawa inautuliza. Ni dawa ya zamani, ya bei ndogo. Haiokoi wote, naye daktari hakuniahidi hivyo. Lakini imepimwa kwa watu. Ile yako ya picha, kwa ugonjwa huu, imepimwa na nani? Na yule jamaa wa kwenye simu anayeuza mafuta ya nywele?

Mama alifariki Jumatano tarehe ishirini na nne, saa nane mchana. Nilikuwa nimemshika miguu. Wewe ulipoingia kumwaga machozi uliona chati yake ya dawa imening'inia kitandani, ukaona tiki sita na sahihi yangu mara sita, ukaipiga picha. Siku ya tatu ya msiba, mbele ya wazee na akina mama waliokuwa wakipika, ulisema kwamba ulikataza, nami nikakudharau, nikamchoma mama dawa ya ng'ombe siku sita mpaka akafa. Picha ukaiweka kwenye kundi la ukoo. Nami nikainamisha kichwa, nikaendelea kuosha masufuria.

Ukadhani nimeinamisha kwa hatia, na kwa hilo hukukosea.

Maneno yako yalitembea kuliko wewe. Mwezi wa sita mzee Alfredi wa Nambis alimleta mkewe nyuma ya pikapu, anapumua kama aliyekimbia, akauliza mlangoni kama hii ndiyo hospitali ya sindano ya ng'ombe. Nilisimama pale na sare yangu nikashindwa kusema neno moja la maana. Akageuza gari. Wiki ile ile nikasikia kengele ya kigango chao ikimlilia mkewe. Sijalala vizuri tangu hapo, lakini bado nilinyamaza, na kwa hilo simlaumu mtu mwingine.

Sasa kaa chini, kama umesimama.

Mama hakupewa ile dawa. Hata tone.

Nilikutii, kaka. Mkuu wa wauguzi alitaka nisimhudumie mama yangu, lakini tulikuwa watatu tu wodini, nikaomba zamu ya asubuhi siku zote sita, maana dawa hiyo hutolewa zamu hiyo. Kila siku nilikichukua kichupa, nikasimama kando ya kitanda, nikasikia sauti yako kwamba neno ni lako, nikakitia kwenye mfuko wa sare. Kisha nikaweka tiki na sahihi, ili daktari asiniulize na wewe usinilaani. Niliwaogopa wawili, nikawadanganya wawili. Siku ya nne Daktari Severine aliitazama ile chati, akasikitika, akaniambia kwamba dawa ameipata siku nne na hali haibadiliki, kwa hiyo tumwombee. Nikaitikia ndiyo. Msibani nilinyamaza kwa sababu kukujibu kungekuwa kuungama, na kuungama kungekuwa mwisho wa kazi yangu. Nikaiacha dawa isiyo na kosa ibebe kosa langu.

Ningempa, angepona? Sijui. Ingekuwa rahisi kukuandikia kwamba angepona, ukalia, nikafurahi. Lakini sijui, wala Daktari Severine hajui, na hatutajua kamwe, kwa sababu wewe ulikataza na mimi nikatii. Ndiyo hasira yangu yote hiyo. Nusu yake ni yako. Nusu nyingine nimelala nayo miezi mitano na nusu.

Leo asubuhi, Theodory alipougeukia ukuta, niliingia ofisini nikawaambia yote, daktari na mkuu wa wauguzi. Nimeambiwa nisiguse dawa wala chati mpaka kikao kikae, na kikao kitaamua kama nitabaki muuguzi. Kwa hiyo barua hii naiandikia kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, nje, pamoja na akina mama wenye chupa za uji. Hata Theodory nimemwambia. Alinitazama kwa huruma akasema ningesema lolote ili achomwe, kwamba tiki alishaziona kwenye simu. Kisha akasema kama ni kweli, kaka ndiye amwambie. Amekuamini kuliko mapafu yake.

Fungua kifurushi sasa. Ni vichupa sita. Kila kimoja famasi walikibandika plasta, wameandika jina la mama, Marieta Bura, na tarehe, kumi na tisa mpaka ishirini na nne. Vifuniko havijafunguliwa. Zilinganishe tarehe na ile picha yako ya chati, tiki kwa tiki. Wewe ni mtu wa dawa, unajua kichupa kilichotobolewa na kisichotobolewa. Tangu Februari vilikuwa ndani ya soksi, chini ya kitenge cha mama alichoniachia.

Ukishaviona, sikuombi unisamehe, na mimi sijakusamehe bado, tusidanganyane. Naomba jambo moja. Kama hutaki kusikia sauti yangu, piga simu ya Mary. Ataiweka kwenye sikio la Theodory. Mwambie kwamba mama hakuchomwa, kwamba umeshika vichupa mkononi, na kwamba neno la mkubwa ni achomwe. Usianze hadithi ndefu, hana pumzi ya kusikiliza. Piga mbele ya Clement, ili nijue.

Msalimie wifi Benedikta, mwambie zile mbegu za maharage nimemtunzia. Wasalimie watoto mmoja mmoja, na yule wa mwisho anayefanana na mama mshike kichwa kwa niaba yangu. Mary anakusalimu. Theodory angekusalimu, lakini nimemwambia apumzishe mdomo. Mungu awape afya, na kama kuna anayekohoa hapo nyumbani msimfiche.

Mara ile nilikutii wewe. Mara hii, kaka, naomba unitii mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Letisia