Dozi ya Chance inatoka wapi

Kazi mbili, 11/3/2025

Sylvain, wewe muntu wa bure! Unakula samaki kule Mokambo, na programme ulitengeneza na mujukuu yangu Mapalo inaua batoto huku! Chance, mutoto wa jirani Kunda, kilo saba tu — dispensaire ya Naviundu imemupa dawa ya malaria mara mbili ya kipimo chake. Ordinateur, ile machine yao ya kuhesabu, njo ilisema vile. Madeleine infirmière, ule anapatia wagonjwa dawa, alimimina tu. Hana macho? Mutoto iko ku hopitali, haamuke.

Na mi nilikuwa natamba ku kanisa: ile programme ni ya Mapalo wetu! Kinywa yangu hii.

Kazi tatu, 12/3

Mapalo hakule. Anatafuta fasi programme inapimia dawa. Anasema ile kazi inaitwa «dozi», na jina «dozi» liko fasi kumi na moja mu mafishie, zile karatasi programme imeandikwa ndani. Zote amesoma. — Kambo, ananiambia, hesabu iko sawa fasi yote! Basi Chance alikunywa nini, upepo? Nikamufokea. Akalia.

Kunda alipita ku mulango, hakunisalimia. Miaka makumi mbili tunachota maji pamoja!

Kazi ine, 13/3

Chance bado anapumua. Njo ile tu.

Asubui nikamuambia Mapalo: wacha kufuata jina. Kambo yako Bwalya alipokufa, Clovis mutoto wa dada yake alirithi jina. Leo ukiita «Bwalya» mu hii lupango yetu, kati ya nyumba zote, nani anaitika? Marehemu? Clovis! Basi washa programme, ita «dozi». Ule anaitika, mushike mukono: unatoka nyumba gani?

Akaniangalia. — Kambo… programme yenyewe inaweza kuulizwa.

Akaandika mustari moja mufupi. Ordinateur ikajibu: fishie fulani, mustari wa makumi ine. Fishie ya majaribio! Mule jina «dozi» halionekane — linajengwa wakati programme inatembea, na linafunika lile la zamani. Kilo ya mutoto, mara mbili. Ya kujaribu tu, kisha ikasahauliwa.

— Sylvain! Nikapiga meza. Imbwa ule!

Mapalo akanionesha na kidole. Juu ya fishie kuko jina la aliyeandika. Mi nasoma pole pole. Lakini lile jina nililichagua mi mwenyewe, siku ile alizaliwa.

Anaomba tungoje, kwanza atengeneze. Ah-ah! Piga telefone: Madeleine azime ile machine, apime kwa mukono. Kisha vaa kitenge, tunaenda kwa Kunda. Mi nitakuwa pembeni yako, lakini kusema utasema wewe. Simama, Mapalo.