Kinyoya Chenye Chokaa

Mjukuu wangu Raya,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Bibi yako hajambo, goti tu ndilo linamsumbua. Unauliza, upate kuandika, nani alikuwa bingwa wa kwanza wa mkoa katika mpira wa vinyoya. Kwenye ubao wa mabingwa wameandika Seif, kaka yangu, Mungu amrehemu.

Fainali ilichezwa uani hapa Kikwajuni, mistari tumeipiga chokaa asubuhi ile, na mimi nimewekwa kuiangalia. Haji, rafiki yangu, alibakisha pointi moja amshinde Seif. Akapiga, kinyoya kikaanguka juu ya mstari, na mstarini ni ndani. Nikasema, "Nje."

Haji akakiokota, akaona kizibo chake kimeshika chokaa. Akanitazama, akakitia mfukoni, akaomba kingine. Hakupata pointi tena.

Tumesali msikiti mmoja hadi uzeeni, na kila Iddi akinipa mkono. Nikingoja aniulize, nimwombe radhi. Hakuniuliza. Mwezi uliopita tumemzika. Baada ya hitima mkewe akanipa kile kinyoya, akasema, "Marehemu kaniambia hiki chako."

Andika Haji, mwanangu. Umeniuliza nami nimekujibu, lakini si wewe niliyekuwa nikimngojea.

Babu yako