Maelezo Kuhusu Oldsmobile la Kijani na Kilichokutwa Chini ya Kifuniko cha Distribyuta

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Tamber Falls, Ohio

Jina: Arlene Dykhouse
Umri: Miaka 63
Kazi: Dereva mstaafu wa basi la shule, fundi wa magari kwa kujifundisha mwenyewe
Makazi: Coldbrook, Michigan
Yamechukuliwa: Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, ingawa shemeji yangu ana shaka na hilo la pili.

Shemeji yangu ni Orville Teachout, mume wa dada yangu Joyce. Gari ni lake: Oldsmobile 442 la mwaka 1970, la kijani kilichokolea, alilolinunua jipya akiwa na miaka ishirini. Liliibwa gerejini kwake mnamo tarehe 3 Machi 2023. Tangu siku hiyo hajaweka kitu kingine mahali pale, hata mashine ya kukatia nyasi. Mashine inalala nje inashika kutu.

Mnamo Novemba 2019 gari hilo lilizimika juu ya reli, Joyce akiwa ndani. Joyce alisema, "Orville, ama liwake, ama liuzwe, ama utafute mke wa kulisukuma." Ndipo nikaitwa mimi.

Tatizo lilikuwa platini, vile vyuma viwili vidogo ndani ya distribyuta vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto. Zikiungua, gari linakohoa. Nilizitoa nikaweka swichi ya elektroniki chini ya kifuniko kilekile cha kiwandani, na waya wake nikaupitisha ndani ya ala ya waya wa zamani. Ekzosi niliitengeneza upya kwa mabomba mapana ya chuma kisichoshika kutu, nikayafifisha kwa mchanga mpaka yakafanana na ya zamani, nikaacha ncha zilezile za nyuma. Sikutoboa wala kukata kitu chochote cha kiwandani. Kila nilichotoa kimefungwa kwenye karatasi, kimeandikwa tarehe, kiko darini kwa Orville. Kulirudisha gari lilivyokuwa ni kazi ya alasiri moja.

Hapa nakiri jambo. Mwaka 2021 na 2022 Orville aliliingiza gari hilo kwenye shindano la magari ambayo hayajabadilishwa kitu. Hakusema neno. Mimi pia sikusema neno, na keki ya ushindi nilikula. Jaji mkuu, Bw. Lyle Boersma, alilala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, akapitisha kioo chake chenye mpini mrefu, akatoa alama mia kwa mia.

Leo saa nne na robo asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya soseji, uwanja wa maonyesho ya magari wa hapa mjini. Nikasikia ekzosi. Mabomba yale niliyaunganisha katikati kwa bomba fupi, pande mbili zipumue pamoja, na sauti yake ni nzito, haina mikwaruzo. Niliiacha soseji yangu kaunta.

Gari lilikuwa lilelile, namba ya usajili ilikuwa nyingine. Aliyekuwa kwenye usukani alijitambulisha kama Brent Halloway. Niliwaita Orville na Joyce, niliokuja nao, na wewe, Sajenti Sikora, uliyekuwa zamu getini. Uliangalia namba kwenye dashibodi na hati zake, vikalingana. Ulisema huwezi kulizuia gari kwa sababu ya sauti. Halloway alisema saa tisa trela linakuja, mnunuzi wake yuko Texas.

Bw. Boersma, aliyekuwa jaji hapa pia, akafika, na akaharibu zaidi. Alisema, "Gari la Orville nalijua, nimelikagua mara mbili. Halijaguswa. Kama hili lina elektroniki, basi si la Orville."

Orville rangi ilimtoka. Kisha akavua kofia.

"Lyle, nilikudanganya. Mara zote mbili. Vikombe vyako utavipata Jumatatu. Gari langu nalitaka leo."

Halloway akacheka, akainua fomu ya shindano la leo aliyoisaini mwenyewe, ikisema distribyuta ni ya kiwandani na haijawahi kufunguliwa.

"Mzee, jua limekupiga. Haya, fungueni! Mkikuta hata waya mmoja wa kigeni, ondokeni nalo."

Nikakuuliza, "Umemsikia, Sajenti?" Ulisema umemsikia.

Kabla kifuniko hakijaguswa nilikutajia kwa sauti: swichi; waya ndani ya ala; na jina langu, nililolichonga upande wa juu wa bomba la kushoto, pale linapopita juu ya ekseli, ambako kioo cha Lyle hakifiki.

"Kinafika," alisema Lyle.

Jambo la nne nilikunong'oneza sikioni, kwa kuwa dada yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

Bw. Boersma alifungua mwenyewe kwa bisibisi. Swichi ilikuwepo, na waya ulikuwepo. Swichi ilikuwa imeshikiliwa na kipande cha bati chenye nusu ya jina la duka la mikate.

Joyce akachungulia. "Trei yangu ya pai! Arlene! Karibu miaka sita namnunia mke wa mchungaji, nikidhani yeye ndiye hakuirudisha trei hii!"

Naomba iandikwe kwamba hilo ndilo lilikuwa jambo la nne, na Joyce hakufundishwa na mtu.

Halloway alianza kusema kwamba aliuziwa gari likiwa hivyohivyo, lakini fomu yake ilikuwa mkononi mwa Lyle, na saini haijakauka vizuri. Ulichukua funguo saa sita kasoro dakika kumi. Saa nane na dakika tano mchana gari liliinuliwa hapa kituoni. Jina langu lilikutwa mahali pake, na namba iliyogongwa kwenye chesisi, isiyobadilishwa kirahisi kama ile ya dashibodi, ililingana na ile ya taarifa ya wizi ya Orville.

Lyle alikuwa amelala chini na kioo chake dakika nne nzima kabla gari halijainuliwa. Alipoinuka alisema hakifiki. Baadaye alinifuata kwenye bomba la maji akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama swichi ya namna ile inaweza kuingia kwenye la kwake la mwaka 1968 bila mtu kujua. Nilimwambia akamwombe Joyce trei.

Nimesomewa haya yote nami nimeyaona kuwa ndivyo yalivyotokea. Nimesahihisha neno moja tu. Uliandika kwamba gari la Orville "limechezewa." Futa. Andika "limeboreshwa."

Sahihi: A. Dykhouse

Maelezo ya afisa: Neno limesahihishwa kama shahidi alivyotaka. Halloway yuko mahabusu. Mwenye gari ameonyesha hati zake za umiliki na amekabidhiwa gari; alikataa kulibebesha kwenye lori. Limeondoka saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, yeye akiendesha na mkewe pembeni. Askari wote wa zamu walitoka nje kusikiliza, na kaunta ilibaki bila mtu kwa dakika tatu. Naliandika hili mapema kwa kuwa msimamizi ataliuliza.

Sajenti R. Sikora